Fungu Chini ya Kawa

"Bi Shamsa, hiyo koni kubwa hivyo umemfunikia nani?"

Matilda aliniuliza hivyo wiki aliyohamia chumba cha mbele, kwetu hapa mtaa wa Gerezani. Mchaga wa watu, koni aliyoijua ni ya aiskrimu. Nilicheka, nikamwambia kwetu hilo ni kawa. Limesukwa kwa ukindu, chini duara, juu limechongoka kama pia, mvuke upande kileleni usidondokee chakula. Lakini kazi yake kubwa si mvuke wala nzi. Kilichofunikwa kawa kina mwenyewe. Awepo asiwepo, hakiguswi.

"Hata njaa ikiuma?"

"Hata ikiuma. Utapika kingine."

Ijumaa iliyopita, watu walipotoka msikitini, shemeji yangu Abdulmajid alikuja. Nyumba hii ni ya marehemu mume wangu, na mrithi mkubwa ni mwanetu Fikirini, aliyeko Mtwara kikazi. Msimamizi wa mirathi ni Abdulmajid. Kapata mnunuzi, anataka niseme ndiyo kabla mtoto hajajua.

Nikasema tule kwanza. Nikapakua pilau, nikamwita na Matilda. Fungu la Fikirini nikalifunika kawa, kama ninavyofanya kila Ijumaa. Mwenyewe kaniagiza ikifika alasiri nilitoe sadaka kwa jina lake.

"Shemeji, mtoto hayupo," Abdulmajid akasema huku anatafuna. "Fungu lake linakaa bure, nyumba inachakaa. Wewe itikia tu."

Tukaendelea kula. Sinia ikabaki nyeupe. Mkono wake ukaenda kwenye kawa, ukashika kilele, ukaganda hapo hapo. Kalelewa nyumba hii hii. Kawa analijua tangu anatambaa.

"La nani hili?"

"La Fikirini."

"Si yuko Mtwara?"

"Yuko Mtwara."

Matilda akadakia, "Shemeji, hata mimi wa kuja nimeshafundwa! Hilo halifunuliwi mpaka mwenyewe aseme."

Abdulmajid akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akautoa taratibu.

"Basi na nyumba ni hivyo hivyo," nikamwambia. "Simu unayo. Mpigie mwenye fungu. Akisema uza, Wallahi nafunga mizigo leo."

Simu ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa. Alinawa, akavaa kandambili zake mlangoni, akatoka.