Maneno Yaliyogawiwa Kama Vibanja

Madam Felicitas alipomaliza kusahihisha insha ya kumi na nne ya kidato cha pili, aliweka kalamu chini na kuitazama karatasi kama mtu anayemtazama mbuzi aliyemaliza mbegu. Mugisha alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba baba yake huvuna kahawa, mama yake huvuna ndizi, na Jumapili familia nzima huvuna kanisani. Ainembabazi, ambaye kwao ni kahawa mpaka mlangoni, hakuitaja kahawa hata mara moja. Aliandika habari za mto na daraja. Apolinary aliandika mstari mmoja na nusu, akapiga sahihi.

Akamwita Ainembabazi mezani.

"Mwezi huu kwenu mnavuna nini?"

"Kahawa, Madam."

"Sasa mbona hukuandika?"

"Neno la kuvuna ni la Mugisha, Madam."

"La Mugisha kivipi?"

"Ulimpa wewe."

Ni kweli alimpa. Majuma matatu nyuma alikata maboksi ya sabuni vipande vipande, akaandika humo maneno mia tatu na ishirini ya Kiingereza, akawagawia wanafunzi arobaini, kila mmoja manane. Shabaha ilikuwa kila mtoto ayajue yake barabara kisha awafundishe wenzake. Lakini upande huu wa Nyabiyonza kitu kikishagawiwa kimepata mwenyewe. Mtoto hajaota meno ya pili anajua mpaka wa kibanja cha baba yake unaishia wapi, na jani la mgomba wa jirani halikatwi, hata la kufunikia chungu, mpaka mwenyewe aitwe aitike. Watoto walipokea maneno kama walivyoona wazazi wao wakipokea ardhi. Na Felicitas, mzaliwa wa Nyakahanga hapo, hana pa kujitetea. Alipaswa kujua.

Angekuwa na muda angecheka, lakini muda ulikuwa mpaka Ijumaa. Mkuu wa shule, Mwalimu Rogasian, alikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyenaswa akisema Kiswahili au Kinyambo alivikwa shingoni, akakivaa mpaka amnase mwingine, na aliyekutwa nacho jioni alifyeka nyasi za uwanja. Felicitas alikivaa shuleni kwao alipokuwa kidato cha kwanza. Dawa aliyoigundua ilikuwa kunyamaza, akanyamaza miaka miwili, na Kiingereza hakikuongezeka hata neno moja. Ndiyo maana alimwomba Rogasian akifungie kabatini. Rogasian akakubali kwa sharti: Ijumaa atachagua watatu, kila mmoja aandike barua ya Kiingereza ubaoni. Wawili wakishindwa, Jumatatu kibao kinatoka.

"Sikilizeni," Felicitas aliliambia darasa. "Maneno ni ya wote. Tumieni yoyote."

"Ndiyo, Madam," wakaitikia arobaini na mmoja.

Kesho yake insha zilikuwa zilezile. Akafoka, wakasema ndiyo, Madam. Akawabadilishia vipande, wakaanza kudaiana fidia.

Alhamisi akaja mama yake Mugisha, Mackrine, kitenge kimefungwa vizuri, mtu wa heshima zake.

"Mwalimu, sikuja kwa ubaya. Ni yule binti wa vibarua, Uwamahoro. Anambebea mwanangu maji zamu yake ikifika, mwanangu anampa neno. Sawa, amefanya kazi. Lakini nasikia analipeleka kwa watu wengine."

"Mama Mugisha, ni neno."

"Najua ni neno. Ndiyo nasema, limpe faida mwenyewe."

Felicitas alishika kichwa. Akamsindikiza mpaka njiani kwa adabu zote, akarudi akikanyaga kokoto kama zimemkosea. Ndipo akakumbuka kwamba Uwamahoro alihamia kutoka Kyerwa wakati maboksi yameshakwisha. Alimwambia, subiri, nitakukatia yako. Hakukata. Mtoto alikaa darasani hana hata neno moja, na mwalimu wake hakuona.

Ijumaa Rogasian aliingia na daftari la mahudhurio, akaweka kidole bila kutazama. Mugisha. Ainembabazi. Uwamahoro. Wamwandikie mjomba barua, wamweleze hali ya nyumbani msimu huu.

Mugisha aliandika mistari mitatu, kuvuna mara nne. Rogasian akakohoa. Ainembabazi alianza vizuri, mvua, mto, daraja, kisha chaki ikasimama. Akageuka kumtazama Mugisha. Mugisha akatikisa kichwa kukubali, naye akaandika neno la kuvuna, herufi zote mahali pake.

"Anaonyeshwa," alisema Rogasian. "Wawili hao wameshindwa."

"Haonyeshwi, Mkuu," alisema Felicitas. "Ameomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kutumia neno. Ni la Mugisha."

Rogasian ni mtu wa Bweranyange, na huko nako mipaka ni ileile. Akawatazama watoto, wote macho makavu, hakuna aliyeona cha ajabu. Akahesabu ameshindwa mmoja.

Wakati huo Uwamahoro alikuwa ameshajaza sehemu yake ya ubao na kuanza kuandika kwenye nafasi ya Ainembabazi. Kahawa ilikuwemo, na bei yake, na homa ya mdogo wake, foleni ya zahanati, jembe lililovunjika mpini, na kwa nini mjomba asije mwezi huu. Alikosea hapa na pale, lakini mjomba yeyote angeelewa.

"Haya yote umeyatoa wapi?" aliuliza Rogasian.

"Nimefanya kazi kwa kila mtu," alisema Uwamahoro. "Kufua, maji, kumenya ndizi. Kwa Apolinary nilifagia siku mbili, maneno yake magumu."

Darasa likanung'unika. Mugisha akasema chini chini, "Kavuna kwetu sote huyu."

"Nililipa," alisema Uwamahoro, bila kugeuka.

Rogasian alitembea mpaka mlangoni. "Mpaka mwisho wa mwezi, Madam. Kibao kitakaa kabatini. Lakini hili la vibanja ulimalize, mimi sitaki kesi za mipaka shuleni kwangu."

Felicitas aligeukia darasa. Alikuwa amechoka kueleza.

"Kuanzia leo hakuna mwenye shamba. Wote ni vibarua. Kila siku kila mmoja atafanya kazi kwa wenzake wanne, jioni aniletee maneno aliyolipwa."

Wakatazamana. Hili walilielewa mara moja.

"Na Uwamahoro, Madam?" aliuliza Mugisha. "Yeye anayo yote."

"Basi ndiye tajiri. Nendeni kwake."

Kabla kengele ya chakula haijalia, Mugisha alikuwa amesimama mbele ya dawati la Uwamahoro na ndoo tupu mkononi, akiuliza homa kwa Kiingereza ni kiasi gani.

"Ndoo mbili," alisema Uwamahoro. "Na usimwage njiani."