Viatu vya Mwalimu wa Mafanikio

Ugonma, fundi viatu wa mji wa Aba, Nigeria, aliacha kushona asikilize darasa la mtandaoni la kutafuta wateja. Mwalimu Tobenna, mwenye meno mengi kuliko maarifa, alikuwa akiwafokea wanafunzi kwenye simu.

"Mnajidharau, ndiyo maana hamuuzi! Mimi sivai takataka za Aba. Hivi vimetoka Italia!" Akainua miguu mbele ya kamera.

Ugonma akasogeza simu hadi puani. Alivijua. Alipokuwa akivishona, uzi mweusi ulimwishia, akamalizia kisigino cha kushoto kwa uzi wa bluu. Damu ikamchemka, akafungua maikrofoni.

"Viatu hivyo nimevishona mimi, hapahapa Aba! Tazama uzi wa bluu kisigino cha kushoto!"

Tobenna akainama, akauona, akacheka kicheko kikavu. "Mama, wivu hauleti wateja. Mbona ndani pameandikwa Italia?"

Swali hilo lilimchoma kuliko tusi. Muhuri wa Italia aliugonga mwenyewe, kama mafundi wote wa soko lao, maana wenye maduka hawataki jina la Aba. Kabla hajajibu, akatolewa darasani.

"Mshenzi mkubwa!"

"Unamtukana nani, dada?" akauliza fundi wa jirani.

"Yeye. Na mimi pia!"

Akaiegemeza simu ukutani, akaanza kujirusha mubashara mtandaoni, akachukua kisu na kuanza kukwangua muhuri wa Italia kwenye viatu vipya alivyoshona, kimoja baada ya kingine.

"Naitwa Ugonma Ekeoma. Nashona Aba. Anayeona haya, aende peku!"