Usingizi Usio na Dawa

Mimi ni fundi cherehani, na kunyamaza sikujaliwa. Ndiyo maana mpiga picha wa hospitali aliponiambia neno moja tu litanitoa nje, nilimwona ana maringo. Tayari alikuwa amenivua hereni na bangili, kisha akachomoa pini tatu kwenye pindo la gauni langu, pini ambazo hata mimi sikuzijua. Mashine yake ina sumaku kali na haitaki mchezo na chuma. Wenzake humwita Dada Kimya.

Mgonjwa alikuwa mtoto wa kaka yangu, mwenye wiki moja duniani. Mishipa mikubwa miwili ya moyo wake ilikuwa imebadilishana mahali, hivyo damu safi ilizunguka kwenye mapafu na mwili ukabaki kuokoteza mabaki. Kesho yake alikuwa apasuliwe. Lakini daktari alitaka kwanza aone ubongo, maana ubongo uliolishwa damu hafifu tangu tumboni huchelewa kukua, na wakati mwingine damu huvuja ndani yake. Ikiwa imevuja, upasuaji ungesubiri, na moyo ule haukuwa wa kusubirishwa.

Dawa ya usingizi hawakutaka kumpa kwa ajili ya picha tu. Waliogopa ingemlegeza moyo. Ilibidi alale mwenyewe.

Utaratibu wa Dada Kimya ulikuwa huu: mtoto hucheleweshwa kula kidogo, kisha ananyweshwa maziwa ya mama yake hadi ashibe, anazibwa masikio, anafungwa blanketi kama chapati iliyokunjwa, halafu taa zinapunguzwa na chumba kinakuwa kimya kabisa. Wifi yangu akamlisha. Akalala mapajani mwake vizuri, lakini kugusa kitanda cha mashine tu, macho kodo! Tukarudia. Kodo tena! Maziwa yakabaki tone chupani, na nje mgonjwa mwingine alikuwa akisubiri zamu yake.

Wifi akanigeukia. "Wifi, hatalala huyu."

Nikataka kujibu, nikakumbuka onyo la kufukuzwa.

Dada Kimya alisimama akimtazama mtoto, mikono kiunoni. Kisha akajigonga paji la uso. "Kosa ni langu," akasema. "Mtoto huyu tangu azaliwe yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Mashine zinalia usiku kucha, wauguzi wanaitana. Mimi namletea ukimya, na ukimya ndio unaomshtua."

Kujikosoa mbele ya ndugu wa mgonjwa si kila mtu anaweza. Hapohapo maringo yake nikayasamehe.

Akamfanyia ishara mwenzake aliyekuwa nyuma ya kioo, na mashine ikaanza kugonga kama mafundi wanaoezeka mabati, mtoto akiwa bado mikononi mwa mama yake. Akatuvika vizuia sauti masikioni, akanisogelea na kupaza sauti: "Shangazi, sasa ongea! Vizibo vyake havizuii sauti yote."

Nani anipe ruhusa hiyo nilale nayo? Nilimsimulia mtoto ukoo mzima, nani mbishi, nani bahili, nani alikimbia mahari. Kope zikashuka. Alipolazwa kitandani aliguna tu, akaendelea na usingizi wake.

Dada Kimya akapiga magoti kando ya mashine, mkono mmoja ameuingiza ndani, kiganja juu ya blanketi. Alikaa hivyo hadi picha ya mwisho. Alipoinuka miguu ilikuwa imekufa ganzi, akacheka akishikilia ukuta. Nilimpenda mwanamke yule.

Daktari alituonyesha picha jioni hiyo. "Hakuna damu iliyovuja. Kesho tunapasua." Kisha akaonyesha michirizi myembamba. "Hizi ni njia zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Kwake ziko nyuma kidogo, kama za mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati."

"Zitakua?" wifi akauliza.

"Bado zinajengwa. Siwezi kukuahidi kila kitu, mama. Tutakuwa tunamfuatilia."

Upasuaji ulikwenda salama, lakini kwa siku kadhaa mtoto alilazwa usingizi kwa dawa. Wifi hakuuliza tena habari za moyo. Kila daktari aliyepita, wifi alimuuliza habari za kichwa, na hakuna aliyemjibu zaidi ya "tusubiri."

Asubuhi waliyopunguza dawa, wifi aliweka kidole kwenye kiganja cha mwanawe. Vidole vile vidogo vikafumba. Akajaribu kukitoa apate kufuta machozi, mtoto akagoma kuachia, ikabidi nimfute mimi, na mimi mwenyewe nalia kama nimepigwa.

Muuguzi alipita akatuona. "Msishangae sana," akasema. "Watoto wachanga wote hushika hivyo."

"Wote?" wifi akauliza.

"Wote kabisa."

Wifi akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue. "Umesikia, wifi? Anafanya kama wote."