Bustani Iliyonyweshwa Chumvi

Kitendawili, wajukuu zangu: anakula majani makavu na mavi ya mbuzi, halafu anakupa mboga mbichi. Ni udongo. Mie nilichelewa kumjua mlaji huyo.

Mwaka arobaini na saba nilikuwa bibi harusi mpya huku Keko. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaheri, alinipa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, upana wa mikeka mitatu, na miezi miwili ya kukitumia.

"Kisipotoa mboga," akasema, "namwachia Tunu ajenge banda la kuku."

Tunu ni wifi yangu.

Nikapanda mchicha. Ukaota, kisha ukageuka manjano. Na mie niliutunza hasa! Mume wangu Shomari alipenda papa wa chumvi, basi kila nikimroweka, yale maji nayamwaga bustanini. Niliona maji yaliyolala na samaki hayakosi nguvu. Mchicha ukizidi kunyauka, nami nazidisha.

Tunu akija anapima kwa hatua. "Wifi, kuku watapapenda hapa. Pamekauka vizuri."

Siku moja jirani yangu Atuganile, Mnyakyusa, mke wa seremala, akaingia uani. Akachota udongo, akauonja, akatema.

"Somoe, umeukoleza chumvi. Bado tui tu."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukakwangua udongo wa juu, tukautupa mbali. Tukalima, tukachanganya samadi kuukuu ya mbuzi na majani yaliyooza, nikapanda mchicha upya. Yale majani ninayofagia kila asubuhi na kuyachoma, Atuganile akanikataza. "Unachoma chakula cha mtu." Tukayarundika pembeni. Kumwagilia, maji ya kisima matupu.

Miezi miwili ilipotimia, Bi Mwanaheri akaja na Tunu. Mchicha ulikuwa magotini, lakini jicho lake likaenda kwenye rundo.

"Mke wa mwanangu siku hizi hafagii?"

"Nafagia, mama. Tazama chini yake."

Nikafukua. Udongo mweusi, nyungunyungu wamejaa tele. Bi Mwanaheri akainama, akaanza kuchuma mchicha mpaka upindo wa kanga ukajaa.

"Tunu," akasema bila kuinua uso, "banda kajenge kwako. Mavi ya kuku ulete huku."

"Na mboga je, mama?"

"Muombe mwenye bustani."

Nikamchumia wifi yangu fungu kubwa, nikamwambia keshoye aje na ndoo ya mavi ya kuku wake.