Boti Iliyoungulia Ziwani

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka ambao mvua ilikataa kabisa, na Sharamo Elema alikuwa chini ya lori la ng'ombe aliposikia watu wakicheka barabarani. Alitoka akijipangusa grisi. Landrova iliingia kwenye uwanja wa gereji yake ya Isiolo ikivuta trela, na juu ya trela kulikuwa na boti nyeupe, ya aina ile inayovuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa mbao miguuni. Ilikuwa imejaa vumbi la njia nzima kutoka Ziwa Turkana.

Mwenye boti alishuka kwanza. Aliitwa Njeru, mkubwa fulani wa ofisini Nairobi, na hakusalimu mtu.

"Ni wewe fundi uliyekuwa ukitengeneza boti za wavuvi huko ziwani?"

"Ni mimi."

"Basi nataka ujue huyu mjinga ameharibu nini. Ukishajua, uniandikie karatasi nipeleke polisi."

Mjinga mwenyewe alikuwa dereva wa boti, Mmeru wa makamo jina lake Kiogora, mikono yote miwili imefungwa vitambaa. Juzi, boti ikiwa katikati ya ziwa, paipu ya mpira ya ekzosi iliwaka moto. Shemeji yake Njeru aliruka majini akaponea chupuchupu kuzama. Njeru alisimulia hayo yote kwa hasira, ila hakusema ni nani aliyeuzima moto. Sharamo aliitazama ile mikono akajua.

Alipanda kwenye boti, akafungua kifuniko cha injini. "Mshale wa joto ulipanda?" alimuuliza Kiogora.

"Muulize mwenye boti. Si amenileta unihukumu?"

"Nimekuuliza wewe."

Kiogora alitema mate kando. "Haukupanda."

Jambo hilo lilimfanya Sharamo afikiri. Injini ya boti kama ile haina rejeta. Pampu hunyonya maji ya ziwa, maji yakapoza injini, kisha yakagawanyika kulia na kushoto kupoza ekzosi mbili, yakamwagika nje pamoja na moshi. Ikiwa mshale haukupanda, injini ilikuwa ikipata maji. Paipu ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imeungua mpaka ikawa kama makaa. Maji yalikuwa yakipotelea mahali fulani upande wa kushoto.

"Unangoja nini?" Njeru alisema. "Weka maji tuiwashe tuone." Akaonyesha mapipa mawili yaliyokuwa ukutani.

Kabale, dada mkubwa wa Sharamo, alikuwa amekuja kutoka Biliqo na wanawe watano baada ya mbuzi wa mwisho kufa. Alisikia. Aliinuka kivulini bila haraka, akaenda akaketi juu ya kifuniko cha pipa.

"Hii maji nimepangia foleni tangu alfajiri," alisema. "Hakuna boti itakunywa."

"Mwambie huyo mama atoke hapo."

"Huyo ni dada yangu mkubwa," Sharamo alijibu. "Mimi simwambii kitu."

Watu waliokuwa wakichungulia uani waliguna. Njeru alivua miwani, akamtazama Sharamo kama mtu anayetaka kuikumbuka sura yake.

Sharamo alichukua pampu ya miguu ya kujazia magurudumu. Alifungua mipira midogo inayopeleka maji kwenye ekzosi, akaunganisha pampu upande wa kulia na kukanyaga. Hewa ikapita ikipiga mluzi. Akahamia kushoto. Pampu ikagoma chini ya mguu wake. Alikunja waya mwembamba, akauingiza kwenye tundu na kuchokora kwa muda mrefu, jasho likimdondoka puani. Vikatoka vipande vitatu vya mpira mweusi.

Kiogora, ambaye alikuwa amempa mgongo, aligeuka. Aliufungua mkoba wake kwa taabu, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Lilikuwa gurudumu dogo la mpira kutoka ndani ya ile pampu ya maji, lenye mabawa sita. Matatu yalikuwa yamekatika. Sharamo alivipanga vile vipande mahali pake, vikaingia sawasawa.

"Huu mpira umeiva kwa kuzungushwa bila maji," alisema. "Boti iliwashwa nchi kavu. Nani aliiwasha?"

"Yeye," Kiogora alisema. "Nyumbani kwake, akiwaonyesha wageni. Nikaweka gurudumu jipya. Nikamwambia mabawa matatu yamepotelea ndani, anipe siku moja niyatafute. Akasema wageni hawangoji."

Njeru alilipokonya lile gurudumu akalitupa ng'ambo ya ua. "Andika ni uzembe wa dereva."

Sharamo alichana karatasi, akaandika taratibu yale aliyoyaona, na ni nani aliyeiwasha boti bila maji. Akatia sahihi. Akampa Kiogora.

"Hii gereji," Njeru alisema akiingia garini, "tutaona itasimama mpaka lini." Akaondoka na boti yake mbovu, akamwacha dereva pale pale.

"Sikukuomba unitetee," Kiogora alisema.

"Najua."

"Na karatasi hairudishi kazi." Aliikunja hata hivyo, akaisukuma mfukoni kwa vidole vyake vilivyoungua, akashika barabara ya Meru bila kuaga.

Wiki tatu baadaye watu wawili waliokataa kujitambulisha walikuja wakatia kufuli kwenye lango la gereji. Sharamo alitengeneza malori kando ya barabara ya Ngaremara mpaka mwisho wa mwaka, akila vumbi na akimtukana Njeru kimoyomoyo kila nati ilipomkatalia. Habari za Kiogora alizipata kwa wauza miraa: polisi walimwita, wakaisoma ile karatasi, wakamwachilia. Kupita Isiolo alipita mara nyingi, lakini hakuwahi kusimama kumsalimia Sharamo.