Kupe Nyuma ya Usukani

Nyumbani walimwita Kupe, kwa sababu akishika jambo habanduki. Jina alilipata kwa baiskeli ya kaka yake. Alikuwa mfupi, akikaa kwenye kiti miguu haifiki kwenye pedali, basi akapitisha mguu mmoja katikati ya fremu na kuendesha amepinda upande kama mtu anayechungulia dirishani. Alianguka mpaka magoti yakachubuka yote. Mama akaifungia baiskeli chumbani. Kupe akajilaza mlangoni, hali, hasemi.

"Huyu ndiye kanizaa mimi," mama alisema, akaitoa.

Alipokua akawa fundi cherehani. Meza yake ilitazama barabara kuu, na malori ya masafa marefu yakipita cherehani zilitetemeka. Wenzake walisonya. Yeye aliinua macho akayasindikiza hadi konani, ndipo akarudi kwenye pindo. Alitamani kukaa juu kule, peke yake, njia ndefu mbele yake. Hakumwambia mtu.

Watoto walipokuwa wakubwa, asubuhi moja alimwambia mumewe, "Baba watoto, nataka kusomea udereva wa lori."

Chai ikampalia mume kwa kicheko. "Si ungeanza na gari dogo?"

"Gari dogo haliendi ninakotaka."

"Wapi huko?"

Akaona haya, akaanza kukusanya vikombe. Mume alipomwona hivyo, kicheko kikamwisha.

"Haya, kasome. Mama mkwe alishanionya, nikikataa utanilalia mlangoni."

Mtihani wa kwanza alianguka kwenye kurudi nyuma: tela lilikwenda kushoto yeye akilitaka kulia. Wa pili vilevile.

"Mama, wengine wameumbiwa cherehani," mwalimu wake alimwambia.

"Inawezekana. Tunarudia lini?"

Mchana wenzake wakienda kula, alibaki akisukuma kinyumenyume viboksi viwili vya nyuzi alivyoviunga kwa uzi, huku na huku juu ya meza ya kukatia, hadi mikono ikaelewa. Mtihani uliofuata alipita. Mwalimu akampa mkono.

Lakini leseni ni kitu kimoja na kazi ni kingine. Kampuni za malori zilimwambia atapigiwa simu, simu haikulia. Aliyemchukua ni mwenye kiwanda cha mikate, akampa gari la kusambazia madukani. Kazi ilikuwa nzuri, mumewe alijisifia kwa majirani, naye alishukuru kwa dhati. Ila kila alfajiri, kwenye njia panda, malori yalinyoosha mbele na yeye akakata kushoto.

Siku moja taa nyekundu ilimsimamisha sambamba na lori refu. Dereva akainamia dirisha. "Habari ya kazi, dada?"

"Njema, kaka. Safari ya wapi?"

Akamtajia mji wa mpakani.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu! Joto na vumbi tu."

"Bahati yako," Kupe alisema, na dereva akadhani anamtania.

Taa ikabadilika. Lori likaunguruma likaondoka. Kupe akabaki akilitazama mpaka honi zikamgombeza kwa nyuma, akakata kushoto kwenda kushusha mikate.

Mchana, gari likiwa tupu, alisimama kwenye lango la kampuni ya malori.

"Mama, wewe tena?" mlinzi alisema.

"Mimi tena, mwanangu. Meneja yupo?"

"Yupo," akasema, akamfungulia.