Gitaa Lisilozibwa Masikio

Hadithi hii hakuna anayeijua kama mimi, maana niliishuhudia kwa macho yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Basi, mwanzo sikuwepo, nilikuwa kwa dada yangu nikiuguza goti. Na mwisho nilichungulia dirishani tu, na miwani nilikuwa nimeikalia. Lakini katikati nilikuwepo kabisa, na ukuta wa chumba changu na wa karakana yao ni mmoja, tena mwembamba. Kwa hiyo tuseme naijua.

Katika nyumba ile ya jirani walikaa watu watatu: mke, mume, na mama wa mume. Mke watu walimwita Binti Seremala, ingawa seremala mwenyewe alikwisha kuzikwa na binti alikuwa na mvi za kumtosha. Kwa baba yake alijifunza randa na patasi. Redio mbovu za majirani zikamfundisha yaliyobaki. Mume aliitwa Maridadi, mtu wa kupiga pasi suruali kabla ya kwenda kutupa takataka. Alipiga gitaa katika bendi ya ukumbi wa barabara kuu, na alilipiga vizuri, hilo simnyimi. Mama yake alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa uani, na alimwita mkwe wake "mwanangu" hata siku ambazo hakuwa na shida.

Bendi ilikuwa ya mzee mmoja mnene aliyepiga gitaa zito, wakamwita Mzee Besi. Nyuma ya ukumbi wake kulikuwa na chumba kizuri chenye madirisha mawili na meza ndefu, na chumba hicho kilikuwa kikitafuta fundi. Mzee Besi alitangaza kwamba atakayemtengenezea gitaa la umeme kwa mkono, likalia sawasawa, chumba ni chake, na jina lake litaandikwa mlangoni kwa rangi.

Binti Seremala alikuwa akifanyia kazi kwenye stoo ya nyuma ya jiko, chini ya taa moja, kiwiko kikigonga ukuta kila akivuta randa. Najua, maana ukuta ni wangu pia. Aliposikia habari ya madirisha mawili alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Nitatengeneza mimi," alimwambia mumewe.

"Tengeneza. Kwa Mzee Besi nitakusemea mwenyewe, wewe usijisumbue."

"Umwambie ni mimi."

"Sasa nimwambie ni nani, yule bibi wa jirani?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Mwili wa gitaa aliukata kutoka kwenye mlango wa kabati la marehemu baba yake, mbao nzito iliyokauka tangu wengine wetu tukiwa na meno yote. Alichora kwa penseli, akakata kwa msumeno mwembamba, akapiga tupa, akapiga msasa mpaka mbao ikawa laini kama shavu la mtoto aliyeogeshwa. Shingo aliichonga kutoka kwenye mguu wa kitanda kimoja cha wageni, kwa hiyo wageni wakawa hawaji tena. Vile vichuma vinavyolala shingoni kama ngazi alivigonga kimoja kimoja, akivisikiliza, na kisichomridhisha alikitoa.

Kazi ya mwisho ilikuwa koili, ile inayokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza. Unachukua sumaku, unaizungushia waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko isiyohesabika, mpaka kidole kisahau kwamba ni kidole. Binti Seremala aliizungusha kwa gurudumu la cherehani bovu, mguu ukikanyaga, mkono ukiongoza, mdomo ukinong'ona, "Taratibu. Usikatike, mama. Taratibu." Ilipokamilika aliitundika kwenye msumari juu ya meza.

Sasa, koili haiachwi hivyo. Huyeyushiwa nta ya mshumaa, ikachovywa mpaka nta ipenye kila mahali na kuushika waya usitikisike. Isipochovywa inakuwa na masikio: ukigonga meza inasikia, ukikohoa inasikia. Mafundi wote wanalijua hilo, na Binti Seremala alikuwa ameweka boksi zima la mishumaa rafuni kwa kazi hiyo.

Jioni moja alikwenda mtaa wa pili kurekebisha redio ya mgonjwa. Umeme ukakatika. Alirudi akakuta boksi tupu.

"Mishumaa iko wapi?"

"Panya," alisema Maridadi.

"Yote?"

"Panya wa siku hizi hawana kiasi," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake. "Mwanangu, nimewaona kwa macho yangu. Wanatafuna kama wana sherehe."

Madukani mishumaa ilikuwa imekwisha, maana mtaa mzima ulikuwa gizani na kila mtu alinunua. Dansi ya kulijaribu gitaa ilikuwa Jumamosi alasiri. Maridadi akamshika bega mkewe.

"Nta ni urembo tu. Nani atajua?"

Binti Seremala alijua. Lakini aliyafikiria madirisha mawili, akaifunga koili hivyo hivyo, uchi, akalehemu nyaya zake kwa risasi, akavuta nyuzi. Hilo ndilo kosa lake, na sina la kumtetea.

Jumamosi umeme ulikuwa umerudi, na ukumbi ulijaa. Maridadi alipanda jukwaani na viatu vinavyoonyesha sura ya anayevitazama, akachomeka gitaa kwenye spika. Wimbo wa kwanza lililia vizuri sana, sauti nene, tamu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Binti Seremala alisimama karibu na nguzo, mikono ameifumbata, akisubiri kuitwa.

Katikati ya wimbo wa pili gitaa likaanza kuzungumza. Lilianza kwa sauti ya mke: "Taratibu. Usikatike, mama." Watu wakaendelea kucheza. Kisha likatoka na sauti ya Maridadi, safi, bila mkwaruzo.

"Karibu, Mzee, karibu. Hapa ndipo karakana yangu. Hii koili nimeizungusha mwenyewe, angalia vidole."

Maridadi alibana nyuzi kwa kiganja. Gitaa halikunyamaza.

"Na mkeo?" ilisema sauti ya Mzee Besi kutoka kwenye spika, huku Mzee Besi mwenyewe akiendelea kupiga besi yake.

"Mke wangu? Ananishikia taa. Akichoka, anashikilia ukuta."

Kikafuata kicheko cha wawili. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mzee, taratibu, kama anayekunja nguo: "Huyu tangu mdogo ana mikono. Huyo mwenzake ni wa kuelekezwa tu, bisibisi anaiita kijiko."

Mpiga ngoma aliona maneno yanachelewesha mapigo, akapunguza mwendo ili yaingie. Wachezaji nao wakapunguza. Mama mmoja aliyekuwa karibu na nguzo akainama kwa Binti Seremala.

"Huyo anayesema, sauti yake ni kama ya mume wako."

"Ndiye."

"Basi mwambie apunguze, nina mtoto."

Ya mume yalimwingia Binti Seremala akayabeba. Mume ni mume, alikwisha kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mara nyingi. Lakini yale ya mama mkwe yalimkalisha. Alitafuta benchi akakaa. Mwanamke yule, Binti Seremala ndiye aliyemwogesha alipovunjika nyonga. Alimkata kucha za miguu. Alimtengenezea hata kile kiti cha mlangoni, na kukipimia urefu kwa magoti yake. Bisibisi anaiita kijiko.

Bendi ilipopumzika alimfuata Mzee Besi, aliyekuwa akijifuta jasho kwa taulo.

"Mzee, umelisikia gitaa?"

"Nimelisikia. Gitaa la maana. Linatoa maneno wazi kuliko mtangazaji wa redio."

"Umesikia nani amelitengeneza?"

"Maridadi."

"Aliyelitengeneza ni mimi."

Mzee Besi alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani.

"Dada yangu, mumeo aliniambia, na nilikuwepo. Mama yake aliniambia, na nilikuwepo. Leo gitaa lenyewe limesema mbele ya watu wote hawa. Unataka nilibishie gitaa?"

Jibu la hilo hata mimi nimelitafuta, sijalipata.

Nyumbani alimkuta mama mkwe kitini.

"Mama, gitaa limesema ulivyosema."

"Limesema yote?"

"Na ya kijiko."

Mama mkwe alinyoosha kanga magotini. "Mwanangu, nyumba ni moja. Akipata yeye, umepata wewe."

"Na ningepata mimi?"

"Chai imebaki?" aliuliza mama mkwe.

Chai ilikuwepo. Binti Seremala akampa, na sukari akamtilia, kama kawaida. Nilikisikia kijiko kikizunguka kikombeni muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Wiki hiyo mlango wa chumba chenye madirisha mawili uliandikwa FUNDI MARIDADI kwa rangi ya bluu. Maridadi alikwenda kila asubuhi akakaa kwenye meza ndefu, suruali imenyooka, akawapokea wateja na kuwaeleza habari za sumaku. Kazi zenyewe alizibeba jioni chini ya kitambaa mpaka stooni nyuma ya jiko. Binti Seremala alizifanya. Aliniambia kupitia ukuta kwamba alijaribu kugoma, lakini mikono iliamka kabla yake ikaanza bila yeye.

Mzee Besi aliagiza magitaa mengine mawili. Safari hii Maridadi mwenyewe alileta mishumaa, katoni nzima kifuani kama mtoto mchanga, akasimama juu ya sufuria ya nta mpaka mwisho.

"Chovya tena," alisema. "Hapo pembeni. Chovya mpaka izibe."

"Si ulisema nta ni urembo?"

"Mtu hujifunza."

Magitaa yale mawili yakawa hayana masikio wala mdomo. Yalilia tu, kama magitaa mengine.

Siku Mzee Besi alipokuja nyumbani kuyachukua, lile la kwanza lilikuwa limelala kwenye kochi, limerudishwa kubadilishwa nyuzi, na waya wake ulikuwa umechomekwa kwenye spika ndogo ya redio. Aliyelichomeka simjui. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeikalia miwani. Mama mkwe alikuwa kitini kwake. Binti Seremala alileta chai, akaikabidhi, kisha akakaa, jambo ambalo huwa halifanyi wageni wakiwepo.

"Mume wangu," alisema kwa upole, "wale panya waliokula mishumaa yangu ya kwanza, walikuwa wangapi vile?"

Maridadi alicheka. "Umeanza tena. Alikuwa mmoja."

"Boksi zima?"

"Panya mwenyewe si wa mchezo. Nilimkuta amekaa rafuni, mshumaa mdomoni, ananitazama. Nikasema, we! Hajali. Muulize mama."

"Alikuwa na sharubu," alisema mama mkwe.

"Mkubwa kiasi gani?" aliuliza Binti Seremala.

Maridadi alisimama ili aeleze vizuri. Alinyoosha mkono mmoja, akauweka usawa wa goti, akafikiri, akaupandisha mpaka pajani.

"Hivi. Bila mkia."

Gitaa lililokuwa kwenye kochi, bila kuguswa na mtu, likatoa mlio wa kijiti cha kiberiti kinachosuguliwa. Kisha sauti ya Maridadi, yenye furaha ya mwenye nyumba:

"Ngoja niwashe na huu, Mzee. Na huu. Niwashe yote, uione vizuri kazi yangu. Mishumaa ya nini kwani? Ipo tu."

Mzee Besi alimeza chai. "Kweli, siku ile tuliwasha mingi," alisema. "Palikuwa kama kanisani." Akaweka kikombe chini, akayachukua magitaa yake mawili, moja kila kwapa. "Fundi, Jumatatu chumbani kwako mapema. Kuna spika inakoroma."

Akatoka. Mama mkwe aligeukia uani, akawa anawatazama kuku ambao hawakuwepo. Binti Seremala alikuwa akimtazama mumewe, na mkono wa mumewe, ambao ulikuwa bado umebaki hewani, usawa wa paja, ukipima panya.

Maridadi naye akautazama. Akaushusha kidogo, mpaka gotini.

"Labda," alisema, "hakuwa mkubwa hivyo."